Wittenberg: Chuo Kikuu Kilichotoka Kwenda Vijijini

Kila bajeti ya chuo kikuu inapopangwa, swali moja hurudi: utafiti wa insia, yaani lugha, historia, falsafa na fasihi, unamfaa nini mtu asiyekanyaga chuoni? Huko Uingereza swali hilo limewekewa hata alama. Tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2014 ilitenga asilimia 20 kwa manufaa ya utafiti nje ya chuo, na ile ya mwaka 2021 ikaongeza kuwa asilimia 25. Wapo wanaofurahia jambo hili. Wapo pia wanaohofu kwamba elimu inapelekwa sokoni.

Sisi Walutheri hatupaswi kuliona swali hili kuwa geni. Kanisa letu lilizaliwa katika chuo kikuu, na sehemu kubwa ya historia yake ya mwanzo inahusu elimu ya lugha iliyogharimiwa chuoni, kisha ikagharimiwa tena ili iwafikie watu.

Chuo Kikuu cha Wittenberg kilianzishwa mwaka 1502 na Friedrich, mtawala wa Sachsen aliyeitwa Mwenye Hekima. Sehemu ya mapato yake ilitoka katika mali ya Kanisa la Watakatifu Wote, lililokuwa ngomeni. Kanisa hilo lilikusanya masalio ya watakatifu zaidi ya 18,000, na makasisi wake waliadhimisha maelfu ya Misa kila mwaka, nyingi zikiwa kwa ajili ya marehemu. Mwaka 1518 Friedrich alikubali kugharimia ufundishaji wa Kigiriki na Kiebrania. Nafasi ya Kigiriki akapewa kijana wa miaka 21, Philipp Melanchthon.

Mtu wa siku zile angeweza kuuliza: mkulima wa Sachsen ana haja gani na sarufi ya Kigiriki? Jibu lilikuja baada ya miaka minne. Luther alitafsiri Agano Jipya akiwa mafichoni Wartburg, akarudi nalo Wittenberg, akalipitia pamoja na Melanchthon, nalo likatoka Septemba 1522. Kabla mwaka haujaisha likachapwa tena. Kwa ajili ya sura ya 21 ya Ufunuo, Luther alimwomba Georg Spalatin, katibu wa mtawala, ampatie vito kutoka hazina ya ikulu, ili aone mawe yale kwa macho yake. Inasimuliwa pia kwamba, alipofikia habari za dhabihu katika Agano la Kale, alimwomba mchinjaji amwonyeshe viungo vya ndani vya kondoo na kumtajia majina yake.

Tusilipite jambo hili haraka. Hazina ya mtawala ilitumikia tafsiri, na mchinjaji akamfundisha profesa. Elimu haikuwa maji yanayomiminwa kutoka mtungi uliojaa kwenda mtungi mtupu. Mchinjaji alikuwa na maneno ambayo profesa hakuwa nayo, na bila maneno hayo Biblia isingesomeka vizuri nyumbani kwa mchinjaji huyo.

Hata hivyo, si wote waliokubaliana juu ya njia. Andreas Karlstadt, profesa mwenzao, aliona kwamba digrii zenyewe ni kiburi. Alivikataa vyeo vyake, akaenda kuwa mchungaji Orlamünde, akavaa nguo za mkulima na kutaka aitwe jirani Andreas. Tusimcheke. Aliuona umbali uliokuwapo kati ya wasomi na watu, nao ulimwumiza.

Luther naye aliuona umbali huo, lakini alihofu kwamba chuo kikivunjwa, watu watabaki mikononi mwa yeyote mwenye sauti kubwa. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule, za wavulana na za wasichana, na pia maktaba. Hoja yake juu ya fedha ilikuwa nyepesi kueleweka: mji unaotumia mali nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, unashindwaje kumlipa mwalimu mmoja au wawili?

Mwaka 1527 walimu wenyewe walitoka. Mtawala Johann, ndugu wa Friedrich na mrithi wake, alimtuma Melanchthon na profesa wa sheria Hieronymus Schurff, pamoja na maofisa wa serikali, wakakague sharika. Luther alishiriki ukaguzi huo mwaka uliofuata. Waliyoyakuta yaliwahuzunisha. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Hoja 95, na vitabu vingi vilikuwa vimechapwa. Lakini walikuta watu wasiojua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi, na wachungaji wasioweza kuwafundisha.

Jibu lilikuwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo sehemu zake za kwanza zilitolewa kama karatasi za kubandika ukutani. Katekisimo hiyo ndiyo watoto wetu wanayojifunza katika darasa la kipaimara. Tusisahau ilikotoka. Iliandikwa na profesa aliyekwenda vijijini, akaona na kusikia, akarudi na uchungu moyoni.

Historia hii ina doa pia, na si haki kulificha. Mwaka 1525 wakulima waliinuka. Waliandika madai 12, la kwanza likiwa haki ya usharika kumchagua mchungaji wake, nao waliyatetea kwa Maandiko. Luther kwanza aliwaonya watawala na wakulima pia, lakini baadaye aliandika dhidi ya wakulima kwa ukali ambao hatuwezi kuutetea. Maelfu kwa maelfu waliuawa. Mtu akipewa Neno kwa lugha yake atalisoma, na akilisoma atauliza maswali. Wasomi waliopeleka elimu hawakuwa tayari kupokea maswali yaliyorudi. Tena ukaguzi wa mwaka 1527 ulifanyika kwa amri ya mtawala, na kwa njia hiyo mkono wake ukaingia ndani zaidi ya Kanisa. Anayelipa hataki kukaa kimya. Chuo kinachopokea fedha za kuwafikia watu hakina budi kujiuliza ni sauti ya nani inayopelekwa huko.

Mwaka 1536 mtawala Johann Friedrich aliimarisha chuo hicho kwa mapato ya lile kanisa la ngome. Mali iliyokuwa ikigharimia Misa za marehemu ikawalipa walimu wa walio hai.

Tukitazama vyuo vyetu leo, tunaona wanafunzi wakienda sharikani kila mwaka na daftari. Wanawauliza wazee juu ya nyimbo, mila za maziko, wamisionari na wainjilisti wa kwanza. Wazee wanatoa muda wao na kumbukumbu zao. Kisha tasnifu inaandikwa, mara nyingi kwa Kiingereza, inatiwa jalada gumu na kuwekwa kwenye rafu. Mzee aliyeshika historia yote hiyo kichwani anazikwa kabla hajasikia iliandikwaje.

Tunasema fedha hazitoshi, na ni kweli hazitoshi. Lakini hatuzungumzii fedha nyingi. Ni nauli ya mwanafunzi kurudi alikotoa habari, kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili, na siku moja ya kusoma kazi hiyo mbele ya wazee, wakiruhusiwa kusahihisha. Kama gharama hizo zinangoja kitakachobaki, hakitabaki kitu. Ziandikwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama zinavyoandikwa karatasi na wino.

Katika sura ya 8 ya Nehemia, Ezra mwandishi hakukaa na kitabu nyumbani mwake. Alikileta uwanjani, mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kuelewa, na Walawi wakaeleza maana yake. Kulikuwa na jukwaa la mti, tena lilikuwa limetengenezwa kwa kusudi hilo. Maana yake kabla ya siku ile mtu alikwisha kutoa mbao, na fundi alikwisha kufanya kazi. Jina la aliyegharimia halikuandikwa, lakini watu walisikia, wakaelewa, wakalia.