Ushuru wa Mpakani na Biashara ya Sanya Juu

Wasomaji wetu, mtu apandaye kutoka Boma Ng'ombe hata Sanya Juu huona mahindi, maharage na viazi vikipakiwa katika magari. Mazao mengine huishia Moshi au Arusha, na mengine huvuka mpaka wa Kenya kwa njia ya Namanga au Holili. Kwa hiyo neno linenwalo na wakuu wa forodha hufika upesi katika duka la Sanya Juu, ingawa mwenye duka hakuwapo liliponenwa. Twataka kueleza jinsi ushuru ulivyobadilika tangu zamani, na ni nani aliyebeba mzigo wake.

Ushuru haukuletwa na Wazungu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita chini ya mlima kutafuta pembe za ndovu, nayo ilitoa hongo kwa Mangi. Mangi Rindi wa Moshi, aliyekufa mwaka 1891, alijulikana sana kwa jambo hilo. Walakini hongo haikuwa na kipimo cha daima: leo nguo na shanga kidogo, kesho nyingi, kwa kadiri ya nguvu za msafara na haja ya Mangi. Mwenye msafara hakuweza kuhesabu faida yake kabla ya kufika.

Baada ya Vita Kuu Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Hata kufika mwaka 1927 ilikuwa imeungana na Kenya na Uganda kama soko moja, bidhaa zikipita kati yao bila ushuru. Lakini unga wa ngano utokao ng'ambo ulitozwa sana, ili ngano ya walowezi wa Kenya ipate wanunuzi. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za Tanganyika, alionya kwamba nchi hii yapata hasara: hazina ilikosa ushuru wa ng'ambo, na wanunuzi walilipa zaidi. Tazameni basi: ushuru ule ule humnenepesha mmoja, humkondesha mwingine.

Ugomvi huo haukwisha baada ya uhuru. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1967 uliruhusu nchi iliyo nyuma kwa viwanda itoze kodi ya pekee juu ya bidhaa za viwanda za jirani. Hata hivyo Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Katika miaka ile lango la halali halikuwapo. Ndipo magendo yakastawi. Mali ilipita usiku kwa njia za porini, na aliyekamatwa alirudi kwake mikono mitupu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Jumuiya mpya ilianza Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005. Mazao ya Tanzania yakaingia Kenya bila ushuru, na ushuru wa Tanzania juu ya bidhaa za Kenya ukapunguzwa hatua kwa hatua hata mwaka 2010. Je, shida imekwisha? La. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumu ya ukungu. Malori yalisimama Namanga. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa masharti mapya ya vyeti na vipimo. Ushuru ulikuwa sifuri, na bado biashara ilisimama!

Hapo twaona fundisho la habari hizi zote. Mchuuzi aweza kuustahimili ushuru mzito akiujua mapema, maana atauingiza katika bei yake. Kimwangushacho ni badiliko la ghafula, linalomkuta mzigo umekwisha kupakiwa na fedha za mkopo zimekwisha kutumika. Tajiri atangoja, maskini hawezi.

Basi yawapasa wenye mamlaka kutangaza mabadiliko mapema, kwa lugha ijulikanayo. Nasi tuulize kabla ya kupakia. Wengi hawajui kwamba mzigo wa mazao ya Jumuiya usiozidi thamani ya dola 2,000 waweza kupata cheti chepesi cha asili papo hapo mpakani. Asiyejua hulipa asichodaiwa.