Maji Maji na Hesabu ya Waliokufa

Wengi wetu tulivijua Vita vya Maji Maji kupitia *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Na kila ninapokaa na wasomaji wenzangu kuijadili, swali lile lile halichelewi: watu wote wale walikufa, kwa faida gani? Waliambiwa risasi zitageuka maji, hazikugeuka. Si bora wangeendelea tu kulima hiyo pamba?

Swali ni la haki, ila nadhani tunalianzia pabaya.

Tuanze na pamba yenyewe. Serikali ya Kijerumani iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu. Malipo yalikuwa kiduchu. Julai 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu wakaing'oa. Kinjeketile Ngwale mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga kabisa. Mwishoni mwa mwezi huo wapiganaji waliliendea boma la Mahenge wakiyaamini maji, na bombomu zikawafyeka kwa mamia.

Hapo lawama kwa maji ina uzito, na sitaki kuikwepa. Aliyemwahidi kijana kwamba risasi haitamwingia ana deni kwa mama wa kijana huyo. Hussein aliliona hilo: Kinjeketile wake anaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe. Lakini akishakamatwa anakataa kuyakana, maana anajua Wajerumani wataitumia kauli hiyo kuwaambia wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Lakini Mahenge haielezi ile hesabu kubwa. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Sasa, wengi wa hao maelfu hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa, na njaa ile haikuletwa na ukame. Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana Götzen kwamba ni njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Basi vijiji vikachomwa, maghala yakaporwa, mazao yakaharibiwa yakiwa shambani. (Na tuseme ukweli, waliotumwa kuchoma wengi walikuwa Waafrika wenzetu, askari na rugaruga. Hilo nalo huwa hatupendi kulizungumza.)

Kwa hiyo ukiuliza kama ilistahili, unamuuliza nani? Kijana wa Kimatumbi aliyeng'oa pamba alichagua kupigana. Mama wa Kingoni aliyekosa hata mbegu ya kupanda hakuchagua chochote. Njaa yake iliamuliwa na wenye serikali. Ukimbebesha yule kijana vifo vya njaa, unamwachia Götzen aende zake kimyakimya.

Wapo wanaovitetea vita kwa matunda yake: gavana aliyefuata, Rechenberg, alilegeza kamba kidogo, na Nyerere alivitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipokuwa akidai uhuru. Ni kweli. Ila hoja hiyo hainiingii sana. Hakuna mtoto wa Umatumbi aliyekufa njaa mwaka 1907 ili sisi tupate bendera mwaka 1961. Kumwambia hivyo ni kumfanyia biashara akiwa kaburini. Kupigana kwao kulikuwa halali siku ile ile walipokipinga kiboko, hata kama uhuru usingekuja kamwe.

Mashujaa wa Kingoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 wanakumbukwa kila mwaka, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika palepale kuomba msamaha. Waliokufa kwa njaa huko Umatumbi, Ungindo na Ungoni hakuna karani aliyewaandika, ndiyo maana mpaka leo hesabu yao inayumba kati ya 75,000 na 300,000.