Historia ya kuharakisha ufunzaji wa mitandao ya neva

Mtandao wa neva hufunzwa kwa kurudiarudia: huonyeshwa mfano, hukisia jibu, kosa hupimwa, kisha namba zake za ndani, ziitwazo uzito, husogezwa kidogo. Katika Mark I Perceptron, mashine aliyoibuni Mmarekani Frank Rosenblatt mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi hiyo ya kusogeza ilifanywa na mota za umeme.

Mwaka 1986 watafiti Rumelhart, Hinton na Williams walieneza mbinu ya kurudisha kosa nyuma, tabaka baada ya tabaka, hadi kila uzito ujulikane ulichangia kiasi gani. Hesabu zilibaki nyingi mno. Mwaka 1989 mtandao wa Yann LeCun wa kusoma tarakimu za misimbo ya posta ulichukua siku 3 kwenye kompyuta ya Sun kupitia mifano 7,291 mara 23.

Nafuu ilitoka kwa wacheza gemu. Kadi ya michoro wanayotumia imeundwa kukokotoa rangi za nukta nyingi kwa wakati mmoja, na mtandao nao hutaka hasa kuzidisha na kujumlisha kwa wingi. Mwaka 2012, Alex Krizhevsky wa Toronto alifunza mtandao wake kwa picha milioni 1.2 kwenye kadi mbili za GTX 580, kwa siku 5 hadi 6. Kumbukumbu ya kadi moja, gigabaiti 3, haikutosha, hivyo mtandao ukagawanywa nusu kwa nusu.

Kadi hizo zimesifiwa kupita kiasi. Hila ya hesabu iliyotumika pamoja nazo nayo haikuwa ndogo. Fomula za zamani za kupitisha namba kutoka tabaka hadi tabaka zilikuwa na mikunjo inayolala pembeni, na hapo marekebisho hufifia. Fomula mpya iligeuza kila namba hasi kuwa sifuri na kuacha chanya ipite ilivyo. Katika jaribio dogo la Krizhevsky na wenzake, kasi iliongezeka mara 6.

Mwaka 2017 watafiti wa Facebook waliunganisha kadi 256, wakamaliza kazi ya picha milioni 1.2 zilezile kwa saa 1. Kila hatua ilibeba picha 8,192, hivyo kiasi cha kusogeza uzito nacho kikaongezwa kwa uwiano uleule. Msogeo mkubwa tangu mwanzo uliharibu mafunzo. Hivyo walianza na mdogo, wakaukuza polepole katika mizunguko 5 ya kwanza ya kupitia picha zote.