Kambi ya Girl Guides

Kambi ya chama cha Girl Guides ni makazi ya muda, aghalabu ya mahema, ambamo wasichana wa chama hicho hulala siku kadhaa, hasa wakati wa likizo. Nchini Kenya chama kilianza mwaka 1920.

Wanakambi hugawanywa katika vikundi na kupokezana zamu za kupika, kuteka maji na kuokota kuni. Jioni huota moto wakiimba na kuigiza; penye baridi ya usiku, kama Lanet karibu na Nakuru, hujifunika shuka mabegani.

Mwanachama mpya hutoa ahadi ya chama akiinua vidole vitatu. Wenzake humsalimu kwa mkono wa kushoto.