Uaminifu kwa Neno na Uaminifu kwa Hadhira: Maandiko ya Kikristo katika Tamthilia za Televisheni, kwa Mtazamo wa Bungoma na Kitale

Utangulizi

Swali la uaminifu ni kongwe katika uhakiki wa kazi zinazotoholewa kutoka fani moja hadi nyingine. Kazi inayotoholewa ikiwa ni Maandiko ya Kikristo, swali hilo huwa zito zaidi. Mwandishi wa riwaya anaweza kusamehe mtayarishaji wa filamu aliyeondoa sura nzima, lakini muumini huiona sura iliyoondolewa kama sehemu ya ufunuo. Aghalabu mjadala huu umeendeshwa kana kwamba kuna matini moja, iliyotulia, ambayo tamthilia ya televisheni hulinganishwa nayo na kupewa alama. Makala hii inadai kwamba katika Bungoma na Kitale matini hiyo moja haijapata kuwapo. Historia ya Maandiko katika sehemu hizo ni historia ya kuchagua lugha, jina la Mungu na msomaji anayelengwa. Tamthilia za televisheni zilikuja kuendeleza mabishano yaliyokuwa yameanza zamani.

Maandiko yalivyofika

Misheni ya Friends, yaani Waquaker kutoka Marekani, ilifungua kituo chake Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko ikaenea kaskazini hadi nchi ya Wabukusu. Kazi ya tafsiri ya misheni hiyo, iliyoongozwa na Emory Rees, ilifanywa kwa Kimaragoli, na Biblia nzima katika lugha hiyo ilikamilika mwaka 1951. Mwaka uliofuata ilitoka Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa lahaja za Unguja na Mombasa. Biblia ya Luluyia, iliyotokana na juhudi za kusanifisha lahaja za Waluhya kuwa lugha moja ya maandishi, ilichapishwa mwaka 1975. Baadaye Lubukusu nacho kikapata tafsiri yake.

Hivyo Mkristo wa Kimilili au wa mashamba ya Kitale angeweza kuisikia habari ile ile ya Luka katika lugha tatu au nne, na tofauti zake hazikuwa za matamshi tu. Matini ya Kiswahili ilimwita Mungu kwa jina lililotoka pwani. Luluyia ilitumia Nyasaye, na Wabukusu wenyewe walimjua Wele, ambaye katika sala zao huitwa Wele Khakaba, yaani Mgawaji. Jina Wele lilikuwa na historia nzima ya matambiko na mababu nyuma yake. Mtafsiri aliyelichukua alichukua pamoja nalo maana ambazo hakuzitia yeye, na aliyeliacha aliwaambia wasikilizaji kwamba Mungu wa kitabu si yule waliyemjua. Kwa hiyo kabla ya picha yoyote kuonyeshwa, tafsiri ilikuwa tayari imekwisha kuwa utohozi.

Elijah Masinde na usomaji wa upinzani

Mabishano hayo yalipata sura ya kisiasa katika Dini ya Msambwa. Elijah Masinde, aliyelelewa katika kanisa la Friends, aliwataka Wabukusu warudi katika ibada ya mababu zao. Vuguvugu lake lilienea kutoka Kimilili hadi kwa vibarua na maskwota wa mashamba ya walowezi karibu na Kitale. Mwezi Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waandamanaji huko Malakisi na kuwaua watu 11. Mwaka huo huo dini hiyo ilipigwa marufuku na Masinde akapelekwa Lamu. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatia ni namna Maandiko yalivyotumiwa ndani ya upinzani huo. Wafuasi walioikataa dini ya wageni waliupanda Mlima Elgon na kuuita Sayuni. Walilichukua jina kutoka katika kitabu na kulipa ardhi waliyoikanyaga. Kwa kipimo cha neno kwa neno huo si uaminifu hata kidogo. Hata hivyo simulizi ya Agano la Kale ni simulizi ya taifa lenye mlima wake, mababu wake na Mungu aliyewapa nchi. Katika kiini hicho usomaji wa Msambwa ulikuwa karibu na matini kuliko mahubiri yaliyoiweka Sayuni mawinguni. Hapa panajitokeza kipimo cha pili cha uaminifu: je, utohozi unawafanyia wasikilizaji wapya kile ambacho matini iliwafanyia wasikilizaji wake wa kwanza?

Picha zinazosogea: njia mbili za utohozi

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi vyombo vyenyewe vilikuwa vichache na umeme haukufika vijijini. Watu wengi walikutana na Maandiko katika picha kupitia projekta zilizobebwa na makundi ya uinjilisti na kufungwa katika viwanja vya shule na makanisa, na baadaye kupitia kanda za video. Ni baada ya hapo televisheni ilipoingia majumbani. Kazi mbili zinawakilisha njia mbili zilizofuatwa na watayarishaji.

Ya kwanza ni filamu ya Jesus ya mwaka 1979, iliyotayarishwa na John Heyman na kusambazwa duniani na Campus Crusade for Christ. Filamu hii ilijifunga kwa Injili moja, ya Luka, na maneno ya Yesu karibu yote yalichukuliwa kutoka katika tafsiri ya Kiingereza cha kawaida. Ilitiwa sauti za Kiswahili na za mamia ya lugha nyingine. Kwa kipimo cha neno, ni vigumu kuilaumu. Lakini katika nakala za uinjilisti iliongezewa mwisho ambamo mtazamaji anaalikwa kusali na kuongoka. Luka aliandika kwa Theofilo ili apate hakika ya mambo aliyokwisha kufundishwa. Filamu imemwondoa Theofilo na kumweka mahali pake mtu ambaye hajafundishwa. Maneno yamebaki, msomaji amebadilishwa, na kwa kubadilishwa kwake utanzu wenyewe umegeuka kutoka masimulizi ya ushahidi kuwa mwito.

Ya pili ni tamthilia ya televisheni Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli, iliyotoka mwaka 1977 kwa ushirikiano wa kampuni ya ITC ya Uingereza na shirika la RAI la Italia. Anthony Burgess alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Kazi hii haikujifunga kwa Injili moja. Ilizisuka zote nne, mtindo ambao Tatiano alikwisha kuutumia katika karne ya pili, na ikabuni wahusika, kama vile Zera, mwandishi wa sheria anayemhadaa Yuda.

Mfano wa mwana mpotevu

Tofauti ya njia hizi huonekana vizuri zaidi katika namna Zeffirelli alivyoushughulikia mfano wa mwana mpotevu. Katika Luka 15 Yesu anausimulia kwa Mafarisayo na waandishi wanaonung'unika kwamba anakula na wenye dhambi. Mfano unakomea nje ya nyumba, baba akimsihi mwana mkubwa. Hatuambiwi kama aliingia. Ukimya huo ndio ufundi wa mfano, kwa kuwa wanung'unikaji wanaachiwa wautoe mwisho wao wenyewe.

Katika tamthilia, mfano unasimuliwa karamuni nyumbani kwa Mathayo mtoza ushuru, tukio linalotokana na Luka 5, na anayesimama mlangoni ni Petro, anayemchukia Mathayo kwa ajili ya kodi. Ugomvi huo haumo katika Injili yoyote. Petro anajitambua katika mwana mkubwa, anaingia, na wawili hao wanapatana. Ni tukio lenye nguvu kubwa ya kiigizaji. Hata hivyo limelijibu swali ambalo Luka aliliacha wazi, na lawama iliyoelekezwa kwa wenye mamlaka ya dini imegeuzwa kuwa uponyaji wa uhasama kati ya wanafunzi wawili. Ugomvi wa Petro na Mathayo unaonekana tena katika The Chosen, tamthilia ya Dallas Jenkins ambayo msimu wake wa kwanza ulitoka mwaka 2019. Picha nayo huzaa mapokeo yake, hata mtazamaji akaja kuliona tukio la kubuni kuwa sehemu ya Injili aliyoisahau.

Kinachopotea hupimwa vyema kutoka Trans Nzoia. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi huko yaligawanywa katika skimu za makazi, na kizazi kilichofuata kikakabiliwa na kazi ya kuyagawa tena kati ya wana. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981, lakini desturi ya baba kuwapimia wanawe ardhi ingali hai iliendelea. Kwa msomaji wa hapo, mfano huu kwanza ni kesi ya mali. Mwana mdogo amedai fungu lake baba akiwa hai, jambo zito, na amelimaliza. Mwana mkubwa yuko shambani. Manung'uniko yake yana hoja, kwani kilichobaki ni chake, na ndama aliyechinjwa ametoka katika kilichobaki. Baba hamkanushi, anakiri kwamba vyote alivyo navyo ni vya mwana huyo, kisha anamwomba ashangilie hata hivyo. Ukiondoa mali, msamaha unakuwa rahisi. Tamthilia imeondoa mali na kubakiza hisia.

Hitimisho

Imeonekana kwamba uaminifu una zaidi ya kipimo kimoja. Filamu ya mwaka 1979 ni aminifu kwa maneno ya Luka na si aminifu kwa msomaji wake. Tamthilia ya mwaka 1977 ni huru kwa maneno, na kosa lake kubwa si kubuni, maana mifano yenyewe ni ubunifu. Kosa ni kufunga pale ambapo matini imefungua. Sayuni ya Mlima Elgon haikufuata neno, lakini iliwarudishia wasikilizaji swali la nchi ni ya nani, na swali hilo liligharimu maisha ya watu Malakisi.

Kwa hiyo mhakiki wa Afrika Mashariki hana budi kuuliza zaidi ya kama tukio fulani limo katika sura na mstari. Auulize pia utohozi: ni nani anayesemeshwa, kwa jina gani la Mungu, na ni swali gani lililokuwa wazi ambalo sasa limejibiwa kwa niaba ya mtazamaji? Pale Bungoma na Kitale, ambako baba na wana wangali wanasimama mpakani mwa shamba, mwisho ambao Luka hakuuandika haujapoteza kazi yake.