Vumbi la Mugumu na Fagio Linalojiendesha

Desemba 2025, kampuni ya Marekani ya iRobot, iliyoipa dunia Roomba, roboti ya duara inayofagia nyumba bila kushikwa, ilielemewa na madeni ikakimbilia mahakamani. Ikakubali kuchukuliwa na Picea ya China, kampuni ileile iliyokuwa ikiiundia mashine zake. Huku Tarime, na Mugumu wilayani Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, habari hiyo haikumnyima mtu usingizi. Huku anayefagia ni mama, binti au dada wa kazi, tena kabla ya jua kuchomoza. Lakini mashine ile imezaliwa na vumbi, na kwa vumbi mtu wa Serengeti hahitaji mwalimu.

Mwanzo wa mashine za kufyonza vumbi aliusimulia mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, fundi wa madaraja na yale magurudumu makubwa ya kupandisha watu angani. Kwa maelezo yake, mwaka 1901 alikwenda ukumbi wa Empire, London, kutazama mashine mpya kutoka Marekani. Ilipuliza hewa kwa nguvu, vumbi likatimka, kisha sehemu kubwa ikarudi palepale. Booth akamuuliza mwenye mashine: kwa nini usifyonze badala ya kupuliza? Yule bwana akawaka. Haiwezekani, akasema, wengi wamejaribu wakashindwa. Akampa mgongo, akaondoka.

Jambo hilo halikumtoka Booth. Siku chache baadaye, akiwa mgahawani mtaa wa Victoria, aliweka mdomo kwenye kiti cha mahameli akavuta pumzi kwa nguvu zote. Nusura apaliwe. Hoja yake ilikuwa imethibitishwa na koo lake mwenyewe, na mwaka huohuo akapata hataza.

Mashine aliyounda ilikuwa kubwa kama mkokoteni, nyekundu, ikivutwa na farasi. Iliegeshwa nje ikinguruma, mipira yake ikapenyezwa madirishani. Farasi wa magari ya abiria walishtuka, wenye magari wakafungua kesi, lakini Booth akashinda. Mabibi wa London nao wakaalika wageni waje kunywa chai huku wakitazama uchafu wa zulia ukipita ndani ya mpira unaoonyesha. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Edward VII kutawazwa.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1907 James Murray Spangler, mfagizi wa duka huko Ohio aliyesumbuliwa na pumu, aliunda mashine ya kubebeka kwa feni, kijiti cha fagio na foronya ya mto. Mwaka uliofuata akaiuza hataza yake kwa familia ya Hoover. Electrolux ya Sweden ikauza roboti ya kwanza ya kufyonza vumbi mwaka 2001. Roomba ikafuata mwaka 2002, kutoka kwa watu waliokuwa wakiunda pia roboti za jeshi. Zile za mwanzo ziligonga ukuta, zikageuka, zikaendelea. Baadaye zilipewa kamera, na mwaka 2022 ikafichuka kwamba picha zilizopigwa na mashine za majaribio, ikiwemo ya mwanamke akiwa chooni, zilivuja mitandaoni.

Na huku kwetu? Katika kaya za Wakurya, wenyeji wa Tarime, kila mke alikuwa na nyumba yake, na sakafu ilikuwa kazi ya mikono yake. Alichanganya udongo, maji na mavi mabichi ya ng'ombe, akasiriba kwa kiganja akianzia ndani na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, asije akakanyaga alichokwisha kulainisha. Sakafu ikikauka inakamata vumbi lisitimke. Ikichakaa, inasiribwa upya. Booth alikabwa koo ili ajue namna ya kuliondoa vumbi. Mama wa Tarime alikuwa na namna yake ya kulituliza.

Kisha ikaja Operesheni Mara ya mwaka 1974 iliyowakusanya watu vijijini, yakaja mabati, saruji, na sasa marumaru. Fagio la nyasi limepisha fagio la dukani, kusiriba kumepisha kudeki.

Roboti ikiletwa Mugumu leo itapata tabu. Nyingi hukwama kwenye kizingiti kinachozidi sentimeta mbili. Jicho lake la chini hutafuta mwanga unaorudi kutoka sakafuni. Likikuta zulia jeusi, linadhani ni shimo, mashine inarudi nyuma. Pindo la mkeka hujisokota kwenye brashi. Nalo vumbi laini la barabara ya changarawe litaziba chujio mapema. Dada wa kazi huinua mkeka, akafagia, akautandika tena, na hakuna anayeandika habari zake.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Mashine ya Booth imehifadhiwa kwenye makumbusho ya London, na ugomvi wake wa ukumbini unasimuliwa hadi leo. Sakafu za bibi zetu zinavunjwa bila hata kupigwa picha, na wanaojua kipimo cha udongo na mavi wanapungua. Butiama, mkoani humuhumu, kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Halmashauri za Tarime na Serengeti zingeweza kuomba chumba kimoja pale, wakaitwa wazee wa kike wakakisiriba mbele ya wanafunzi, na wakalipwa kama mafundi.