Dereva na motari wa Bukavu–Uvira: kula nini, kunywa nini njiani?

Barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, inatoa mutu kwenye baridi na kumuingiza kwenye joto siku moja. Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, lakini Uvira, pembeni ya ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 800. Dereva anatoka asubuhi na koti, anashuka makona ya Ngomo, na akifika Kamanyola jua la bonde la Ruzizi linamukuta hajakunywa kitu.

Wengi hawanywi maji kwa makusudi, juu ya kuogopa kusimama kila mara kwa kukojoa wakati wasafiri wanalalamika. Mwili ukikosa maji, kichwa kinauma, macho yanakuwa mazito, na akili inachelewa kuona hatari. Motari anadanganyika zaidi: upepo unakausha jasho lake, anafikiri hatoki jasho. Angalia mukojo. Kama una rangi ya chai, umechelewa kunywa. Afazali glasi moja kila saa kuliko kungojea Sange na kumeza litri nzima mara moja.

Maji gani sasa? Kolera si mugeni Uvira na bonde lote. Beba maji kutoka nyumbani: yachemke na kutoa mapovu makubwa kwa dakika moja, yapoe, kisha yawekwe ndani ya bido safi yenye kifuniko. Bido iliyobeba esansi haifai tena, hata ukiiosha mara kumi. Na kikombe kimoja kinachozunguka gari nzima, hapana.

Chakula chetu si kibaya. Bugali, sombe, maharagi na ndagala vinatia nguvu. Shida ni sahani kubwa saa saba muchana, wakati mwili wenyewe unataka kulala, kisha kurudia usukani mbio. Kula nusu, ile ingine baadaye. Katikati kuna karanga, ndizi, avoka, mayai ya kuchemsha: bei ndogo, na havimwangiki ndani ya gari. Yai na ndizi vina ganda lake, kwa hiyo vumbi na nzi haviingii. Samaki iliyokaangwa asubuhi na kukaa kwenye sinia mpaka muchana, iache. Kwenye malewa usione haya kusema: «Mama, utupashie hii moto kwanza.» Mama mwenye kujua kazi hatakasirika.

Sasa ile chupa ndogo ya «nguvu» ambayo vijana wa moto wanapenda. Ndani yake kuna sukari nyingi na kafeini. Inaficha usingizi tu, haiuondoe. Kama macho yanafunga, simama pahali salama, ulale dakika 20. Kufungua dirisha na kupandisha muziki ni kujidanganya. Pombe ya sashe ni mbaya kupita: ni ndogo, inaingia mufukoni, na hakuna anayehesabu amekunywa ngapi. Hata chupa moja kubwa ya bia inachukua masaa kadhaa kutoka mwilini, na kahawa haiharakishe kitu.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke chakula. Kwenye bariere mutu anaweza kukaa masaa mengi, na sukari ikishuka anaanza kutetemeka na kuchanganyikiwa akiwa kwenye usukani. Aweke vijiko vichache vya sukari ndani ya karatasi, pahali mukono unafika, na mwenzake wa gari ajue.

Kuharisha kukianza njiani, usingojee kufika. Litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visivyojaa kupita kiasi. Koroga, kunywa polepole. Kama choo kinatoka kama maji ya muchele, mupe mwenzako usukani na muelekee kituo cha afya cha karibu, mukiendelea kunywa.